Madume Wawili Ndooni

Mapezi aliletwa chumba cha mahojiano akiwa amevaa kandambili zisizofanana, moja ya kijani na nyingine nyekundu, na hizo ndizo alizoanza kuzilalamikia.

"Afande, hata viatu vyangu vimeshtakiwa?"

"Kaa," alisema Inspekta.

Akakaa. Inspekta alikuwa mwanamke mfupi asiyependa kupandisha sauti. Pembeni yake koplo, mwanamume mnene mwenye mwandiko mzuri, alikuwa keshaandika tarehe. Jalada lililokuwa mezani lilikuwa jembamba. Mstaafu wa posta, aliyeitwa mtaani kote Mzee Vioo kwa sababu ya matangi ya samaki aliyoyajaza sebuleni, alikutwa na mkewe Jumapili jioni amelala sakafuni, kichwa kimepasuka juu ya sikio. Kitu alichopigiwa hakikuonekana. Ijumaa iliyotangulia, wateja waliojaa duka la samaki wa mapambo walimsikia mwenye duka, yaani Mapezi, akimtishia marehemu. Mkuu wa kituo alikwisha kusema kwamba kesi haina haja ya kuchimbwa zaidi ya hapo.

"Ulimwambia utampasua kichwa."

"Nilimwambia. Na fundi wa friji nilimwambia hivyohivyo mwezi jana. Yuko hai, na friji bado haigandishi."

"Mligombania nini na Mzee Vioo?"

"Samaki."

"Wana nini hao samaki?"

Mapezi akavuta pumzi. "Ni furu, afande. Hawa wadogo, jamaa za sato na perege. Nilimuuzia mteja dume na jike. Mzee Vioo akaingia, duka limejaa, akamchota yule jike, akamgeuza tumbo juu kiganjani, akasema kwa sauti kama ya mnada: 'Huyu naye ni dume! Mmeuziwa madume wawili, mtangoja watoto mpaka mzeeke!'"

"Alikuwa anasema kweli?"

Mapezi aliziangalia kandambili zake. "Kweli tupu."

"Na wewe ulijua?"

"Nilikuwa sijui na sikutaka kujua. Mwenye rangi ni dume, aliyepauka ni jike. Ndivyo tunavyouza wote. Nani ana muda wa kumgeuza kila samaki? Labda yeye. Nyumbani kwake samaki hatoki bila kugeuzwa, hata akikupa bure. Nami alinipa, zamani tulipokuwa tunaelewana. Akavaa miwani, akalowesha mkono, akawageuza mmoja mmoja, akawatazama kama daktari. Akaniambia, huyu dume, huyu jike, usije ukaniaibisha."

"Jumapili mchana ulikuwa wapi?"

"Dukani."

"Duka lilikuwa limefungwa."

"Mlango wa mbele ulifungwa. Mimi nilikuwa uani." Akasita. "Nawatia rangi."

"Unawatia rangi akina nani?"

"Samaki, afande. Kwa sindano. Shahidi ninaye, yule anayenishikia. Ila tukimleta hapa mtatufunga wote wawili."

Koplo aliinua kalamu. "Niandike na hilo, afande?"

"Andika. Kisha katafute huyo mshikaji."

Mshikaji alipatikana kabla ya chakula cha mchana, vidole vyake bado vya zambarau, na maneno yake yalilingana na ya Mapezi hadi kwenye idadi ya samaki waliokufa kwa sindano. Mkuu wa kituo alipoambiwa, alifunga mlango wa ofisi yake kwa nguvu kidogo.

Inspekta alirudi na koplo nyumbani kwa marehemu.

Mjane aliwakaribisha bila kuwatazama usoni. Sebule ilikuwa na kochi moja tu, kuta zilizobaki zimechukuliwa na matangi, pampu za hewa zikinguruma chinichini. Sakafu ilikwisha kusuguliwa. Mama wa watu alikuwa akiwalisha samaki kwa ncha za vidole, kama mtu anayetia chumvi asiyoipenda.

"Pole tena, mama."

"Tumeshapoa." Akaonyesha samaki wa kijivu aliyejibanza nyuma ya bomba, kidevu kimemvimba. "Huyu hali. Ana watoto mdomoni. Jike la furu hubeba mayai kinywani mpaka yaanguliwe, na siku zote hizo hatii kitu tumboni. Marehemu alikuwa hataki hata mtu apite hapa kwa kishindo."

"Na yule?" Inspekta alikuwa ameinama mbele ya kioo. Samaki mwingine alikuwa akizunguka tangi zima, akiwafukuza wenzake. Ubavuni alikuwa wa kijivu, lakini kichwani na mgongoni buluu ilikuwa imeanza kumpanda.

"Huyo nadhani anaumwa. Alikuwa jike siku zote. Tangu dume aondoke ndio ameanza kubadilika."

"Dume yupi aliyeondoka?"

"Si yule aliyepewa shemeji? Yule mkubwa, wa buluu kabisa. Mtu na mdogo wake, sawa, lakini nilishangaa. Dume yule marehemu alikuwa hampi mtu. Hata mimi sikuruhusiwa kumshika."

Habari za shemeji zilikuwemo jaladani. Alikuwa fundi makochi, mdogo wa pekee wa marehemu. Jirani alimwona akitoka Jumapili mchana na ndoo yenye mfuniko. Alipoulizwa siku ya kwanza alisema kaka yake alimpa samaki wawili, na walipokwenda kwake waliwakuta kweli samaki wawili. Mtu yeyote aliyetoka nyumba hii na ndoo alitoka na samaki, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza zaidi.

Inspekta aligusa kioo. Katikati ya tangi mchanga ulikuwa umebonyea, pana kama sahani, na ndani ya bonyeo mchanga ulikuwa mweupe kuliko kwingine.

"Hapa palikuwa na nini, mama?"

"Jiwe. Walikuwa wanajificha chini yake."

"Liko wapi?"

Mjane alilikodolea macho tangi kama aliyeoneshwa nyumba ya mtu mwingine. "Sijui."

Inspekta akamgeukia koplo. Daktari aliyeupasua mwili alikuwa ameandika kwamba ndani ya jeraha palikuwa na utando wa kijani, na wao walidhani ni uchafu wa sakafu iliyolowa.

"Tulitafuta nyundo, afande," alisema koplo taratibu. "Jiwe hatukulifikiria."

"Mama, shemeji yako na marehemu walikuwa wanaelewana?"

"Ndugu ni ndugu."

"Sijauliza hilo."

Mjane alifunika kopo la chakula cha samaki, akalifunua, akalifunika tena. "Mwaka huu shemeji alifiwa na binti yake. Figo. Alikuwa naye huyo huyo mmoja, na mama yake alikwisha kutangulia. Tangu mazishi hakukanyaga hapa, mpaka Jumapili hiyo."

"Na siku hiyo hiyo akapewa dume asiyepewa mtu."

"Ndivyo alivyosema yeye," alijibu mjane, akaingia jikoni.

Fundi makochi alikuwa barazani kwake, misumari midogo mdomoni, akivuta kitambaa juu ya mgongo wa kiti. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye mikono mikubwa. Alitema misumari kiganjani akawaingiza ndani. Samaki walikuwa kwenye beseni juu ya meza ya kusomea, katika chumba chenye kitanda kimoja kilichotandikwa vizuri mno. Ukutani palikuwa na picha ya msichana aliyevaa sare ya shule.

"Alikuwa darasa la ngapi?" aliuliza Inspekta.

"Kidato cha tatu."

"Pole sana, fundi."

"Ahsante."

Ndani ya beseni wa buluu alikuwa ametanda katikati. Wa kijivu alikuwa amebanwa ukingoni, mapezi yake yamechanika.

"Nataka turudie ya Jumapili, tuyaandike vizuri. Ulipofika, kaka yako alikuwa anafanya nini?"

"Anasafisha tangi."

"Mkaongea nini?"

"Mambo ya ndugu. Kisha akanipa hawa."

"Ulimwomba?"

"Hapana. Alisema nikafuge, nisikae peke yangu."

"Nani aliwachagua? Wewe au yeye?"

"Mimi samaki siwajui, afande. Aliwachota mwenyewe."

"Nasikia alikuwa na kawaida ya kuwageuza kabla hajawatoa."

Fundi alitikisa kichwa kukubali, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikalegea kidogo. "Tangu tukiwa watoto. Hawezi kukupa samaki bila mbwembwe hizo. Akavaa miwani yake, akawageuza mmoja mmoja, akaniambia huyu dume, huyu jike, watazaa."

"Una hakika? Aliwageuza wote wawili?"

"Wote wawili."

Koplo aliyasoma maneno hayo kwa sauti, fundi akaweka sahihi chini yake bila kusita.

"Samaki hawa nitaondoka nao," alisema Inspekta. "Wametoka nyumba ya marehemu siku ya kifo, ni vielelezo."

"Chukueni tu. Kwanza sikuwataka."

Kalamu ya koplo ilisimama.

"Hukuwataka?"

Fundi alilitazama beseni. "Nimesema nimewachoka," alisema, ingawa sivyo alivyosema. Akarudi barazani kwenye kiti chake.

Chuo cha uvuvi kilikuwa nyuma ya soko, na mhadhiri aliyewapokea alikuwa mama mrefu mwenye aproni ya plastiki. Hakuuliza kesi inahusu nini. Alilowesha mikono, akamtoa wa buluu kwanza, akamgeuza tumbo juu chini ya taa.

"Njoo uone mwenyewe, Inspekta. Tazama hapa, kati ya tumbo na pezi la nyuma. Kuna matundu mawili. La kutolea choo, na hili la pili la uzazi. Yamelingana, madogo yote. Huyu ni dume. Kwa jike, hili la uzazi huwa kubwa, la mviringo, maana mayai hupita hapo."

Akamrudisha majini, akamchukua wa kijivu. Alimtazama, akamsogeza karibu na taa, akamtazama tena. Kisha akampisha Inspekta kwenye lenzi.

Matundu mawili, madogo yote, yamelingana.

"Ni dume," alisema Inspekta.

"Ni dume. Na hapa kwenye pezi la nyuma, unaona madoa haya ya manjano, yamefifia? Dume huwa nayo, yamefanana na mayai. Jike mara nyingi hana, au anayo kwa kuhesabu."

"Mbona hana rangi?"

"Angekuwa nayo angeshauawa. Mwenye nguvu tangini hataki dume mwingine. Sasa huyu mdogo anapauka, anajikunyata, anafanana na jike, anaachwa aishi. Mwondoe mkubwa, siku chache tu utaona mmoja wa hawa waliopauka anavaa buluu."

"Na mwenye nyumba atadhani anaumwa."

"Wengi hudhani hivyo."

Inspekta alinyoosha mgongo. "Nikuulize swali moja, na jibu lake utaliandika na kuliwekea sahihi. Mtu aliyefuga hawa maisha yake yote, mwenye kawaida ya kuwageuza, akiwageuza hawa wawili mchana, amevaa miwani, anaweza kusema mmoja wao ni jike?"

Mhadhiri alifuta mikono taratibu. "Kwa rangi, kila mtu hukosea, hata mimi. Akiwageuza, na ni wakubwa hivi? Hapana."

Mkuu wa kituo alisikiliza yote hayo amesimama dirishani, mikono nyuma.

"Yaani mahakamani nikaseme nini? Samaki kanong'ona?"

"Utasema marehemu hakuwatoa samaki hawa, mkuu. Aliyewachota alichagua kwa rangi, mmoja wa buluu na mmoja wa kijivu, akidhani amepata dume na jike. Kisha akatuambia maneno ambayo marehemu angeyasema kama angekuwa hai wakati wanachotwa."

"Na jiwe?"

"Jiwe atatuonyesha mwenyewe."

Fundi makochi alikuja kituoni kwa miguu yake, baada ya kuitwa kwa simu. Inspekta alimsomea maelezo yake, kisha ripoti ya mhadhiri, bila kuongeza neno. Fundi alisikiliza mpaka mwisho.

"Wote wawili?" aliuliza.

"Wote wawili ni madume."

Alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha hata chembe. "Miaka yote hiyo ananifundisha, na mimi simsikilizi." Akaweka mikono yake mikubwa juu ya meza, viganja juu, kama anayengoja kupewa kitu. "Andika, koplo. Usiharakishe, sitakimbia.

"Figo ya kaka ilifanana na ya mwanangu. Walipima watu wote wa ukoo, yake ndiyo ikakubali, naye akakubali. Siku ikapangwa. Asubuhi yake tumekaa wodini, mtoto hajala wala hajanywa kwa amri ya daktari, anaangalia mlango. Kila mlango ukifunguliwa anasema, 'Baba mkubwa huyo.' Hakuja. Nikampigia. Akasema, 'Nimeogopa, mdogo wangu.' Basi. Akakata simu. Mtoto alikaa wiki kadhaa, akaondoka.

"Jumapili nilikwenda kumtaka aseme zaidi ya neno lile. Nilikuwa sina nia nyingine, hilo uliandike hata kama hamliamini. Nikamkuta ameingiza mkono tangini mpaka kwenye kiwiko. Lile jiwe alikuwa amelitoa kulisugua, liko ndooni karibu na mguu wangu. Nikamwita, 'Kaka.' Hakugeuka. Akanyanyua kidole, akanong'ona, 'Subiri kidogo. Kuna jike ana watoto mdomoni, ukimshtua atawatema.'"

Koplo alikuwa ameacha kuandika.

"Alikuwa anawaonea huruma, afande. Watoto wa samaki."

"Endelea," alisema Inspekta.

"Hakuna cha kuendelea. Nililiokota, nikampiga, akaanguka, nikalirudisha ndooni. Nikaona nikitoka na ndoo mtu ataniuliza nimebeba nini. Nikachukua wavu wake, nikawachota wawili. Wa buluu na wa kijivu. Ndivyo ninavyojua mimi."

"Jiwe liko wapi?"

"Kwa mwanangu. Nimeliweka kaburini, upande wa kichwa."

Walilikuta hapo kabla jua halijazama, katikati ya kokoto nyeupe zilizopangwa kwa uangalifu. Upande uliolala udongoni bado ulikuwa na ukijani uliokauka, na damu.

Mjane alifika kituoni kesho yake asubuhi bila kuitwa. Aliketi mbele ya Inspekta, mkoba juu ya mapaja.

"Nasikia amekiri. Kwa sababu ya ile figo."

"Ndiyo, mama."

"Amesema kaka yake aliogopa."

"Ndivyo alivyoambiwa kwenye simu."

"Hakuogopa." Mjane alizungumza akiitazama kalamu ya koplo. "Asubuhi ile aliamka mapema, akaoga, akafunga begi lake. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni. Nilimwambia ukienda kulala kwenye kitanda kile, ukirudi hunikuti. Nilikuwa na mume mmoja tu, afande. Nilisema mtoto yule atakufa hata akipewa, nitabaki na maiti mbili. Tukabishana mpaka muda ukapita. Halafu simu ikalia."

"Na yeye akasema ameogopa."

"Hakutaka kusema mke wangu amenizuia. Tangu siku hiyo hakunisemesha ila kwa jambo la lazima. Alikuwa akiongea na samaki."

Inspekta akamwambia kwamba maneno hayo yataandikwa, yatasomwa mahakamani, na mshtakiwa atayasikia mbele ya watu.

"Basi niyaseme mwenyewe kwanza," alisema mjane.

Utaratibu haukuruhusu. Inspekta alichukua funguo, akatangulia.

Fundi makochi alikuwa ameketi kwenye sakafu ya mahabusu, amenyoosha miguu. Alipomwona aliyekuja, alisimama haraka kwa adabu, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Shemeji."

"Shemeji."

Mjane alishika nondo moja na kumwambia. Alimwambia yote, kuoga, begi, mlango, maneno aliyoyasema. Hakulia, na sauti yake haikupanda. Alipomaliza, midomo ya fundi ilikuwa ikicheza kidogo kama ya mtu aliyeweka misumari kinywani.

"Alikuwa amefunga begi?"

"Alikuwa amelifunga."

"Kwa nini hakuniambia, shemeji? Ningekuja kukuangukia miguuni. Ningelala pale mlangoni kwenu."

"Angeniaibisha kwa ndugu zake."

Fundi alisogea hadi kwenye nondo.

"Heri angekuaibisha," alisema. "Angekuwa hai, nami ningekuwa nakuchukia wewe."

Mjane aliiachia nondo. Inspekta alimshika mkono, akamtoa nje taratibu, na koplo akafunga mlango wa korido nyuma yao.